Povu pembeni ya vali

Kusi ya mwaka 2014 ilinikuta Paje, mashariki ya Unguja, nikiwa msaidizi katika skuli moja ya kaiti, yale matiara makubwa ya kujazwa upepo yanayomvuta mtu juu ya maji akiwa ubaoni. Kazi yangu ilikuwa kuzitandaza mchangani, kuzijaza upepo, kumshikia mwanafunzi mpaka awe tayari, na jioni kuzisuuza. Kuziba pancha nilijitwisha mwenyewe, kwa kuwa nimelelewa na mjomba wangu, fundi baiskeli wa Jambiani.

Kulikuwa na kaiti moja ya mita za mraba 9. Unaijaza asubuhi, adhuhuri bomba la mbele limelegea. Nikaichungulia vali, nikakuta mchanga kwenye ulimi wake wa ndani. Nikausafisha, nikabadilisha kizibo, nikaona kazi imekwisha. Sikuiacha na upepo usiku kucha kuijaribu.

Kesho yake akaichukua dada mmoja wa Kizungu aliyekuwa na siku ya tano tu majini. Nikiwa pwani nikaiona inajikunja katikati kama mkeka, ikaanguka, isinyanyuke tena. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliandikisha hataza ya kaiti ya kujazwa upepo mwaka 1984, makusudi ikianguka baharini ielee na iweze kurushwa tena. Upepo ukitoka, kinachobaki ni kitambaa kilicholowa. Bahati yake, kusi kwetu humsukuma mtu kuelekea pwani, kwa upande wa kaskazini. Alitokea karibu na Bwejuu, keshapita katikati ya vigingi vya mwani vya kina mama, magoti yamechunika. Hakunilaumu. Nilimbebea kaiti njia nzima na sikuweza kumtazama usoni.

Jioni ile nilifungua zipu ya bomba, nikafunga kamba ncha zote mbili za tyubu iliyo ndani yake nipate njia ya kuirudisha, nikaivuta nje na kuipeleka Jambiani.

“Mjomba, kizibo nimeshabadilisha.”

“Nani kakwambia tatizo ni kizibo? Lete karai.”

Tukaijaza kidogo kidogo. Tyubu ile ni nyembamba, na ikiwa nje ya kitambaa chake haina cha kuizuia; ukiishindilia hupasuka. Mjomba alikoroga sabuni ya unga, akapaka povu kwa kiganja kuizunguka vali, akasogeza taa. Mdomoni, kimya. Kwenye kizibo, kimya. Kisha pembeni, pale kitako cha vali kilipogandishwa kwenye tyubu, vikaanza kuchomoza viputo vidogo kama macho ya dagaa, kimoja baada ya kingine, vikifuata mstari wa gundi. Gundi yenyewe ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Ni jua. Kaiti inalala mchangani imejaa tangu asubuhi mpaka alasiri, joto linailainisha gundi, upepo wa ndani unamalizia.

Mjomba akapiga msasa, akapaka solusheni, akasubiri, akabandika. Baada ya saa moja kiraka kilibanduka chote kama ganda la ndizi. Aliguswa sana, maana solusheni haijawahi kumwangusha. Lakini solusheni ni ya mpira, na tyubu ya kaiti ni plastiki.

Nikarudi Paje, nikaomba vali mpya kwenye kisanduku cha vipuri, ile inayokuja na gundi yake chini ya karatasi. Tulimimina maji ya moto ya birika juu ya vali kuukuu mpaka ikaachia. Tukasafisha kwa spiriti mara tatu, na mjomba akanikataza hata kupagusa kwa kidole, kwani mafuta ya ngozi yanatosha kuharibu. Tukalinganisha tundu na tundu, tukabandika, na yeye akaibingirishia chupa ya soda juu yake, akikandamiza kwa uzito wake wote, kutoka katikati kwenda ukingoni. Tukaiacha siku nzima. Kisha poda ya mtoto, ili tyubu iteleze isijisokote ndani, nikaivuta kwa kamba mpaka vali ikachungulia kwenye tundu lake.

Usiku ule niliijaza paundi 7 na kulala kando yake bandani.

Mjomba alifika na baiskeli yake mara tu baada ya swala ya alfajiri. Hakunisalimu kwanza. Alipiga goti, akaigonga kwa vidole, ikalia kama ngoma iliyoanikwa juani. Kisha akalaza sikio juu ya vali, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

“Haya,” akasema. “Kamwite yule dada.”