Katumba: Wanaosimulia 1972 kwa Masharti Yao

Treni ya Tabora kwenda Mpanda huachana na reli ya kati pale Kaliua, kisha hujikokota kusini ndani ya miombo mpaka uchoke. Mimi niliipenda, maana abiria wa treni wana muda wa kuzungumza. Mama mmoja mwenye madumu ya asali, aliposikia naenda Katumba kurekodi kumbukumbu za wazee, aliniuliza nimetumwa na serikali au na wazungu. Nikamwambia nimejituma. Hakuridhika.

Swali lake lilikuwa na mizizi. Wazee wa Katumba waliikimbia Burundi mwaka 1972, baada ya uasi uliozuka kusini mwa nchi tarehe 29 Aprili na kisasi cha utawala wa Rais Micombero kilichowaandama Wahutu, hasa waliosoma. Makadirio ya waliouawa huanzia 100,000 hadi 300,000. Tanzania iliwapa waliovuka mpaka mapori ya kufyeka: Ulyankulu, Katumba, baadaye Mishamo. Ilipofika 2007 waliambiwa wachague kurudi au kuwa Watanzania. Wengi wakachagua kubaki, na watu wapatao 162,000 wakakubaliwa uraia. Lakini mpango wa awali ulitaka watawanyishwe mikoani na makazi yafungwe. Vyeti vilianza kugawiwa 2014, wazo la kuwahamisha likiwa limekwisha kuwekwa kando. Katika miaka ile ya kungoja, nani angejitangaza kwamba ametoka ng'ambo?

Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, alinipa sharti moja: simu ikae mfukoni mpaka mzee mwenyewe aulize mbona sirekodi.

Mzee wa kwanza aliuliza upesi. Alisimulia Ziwa Tanganyika usiku, mtumbwi uliojaa kupita kiasi, mama aliyeziba mdomo wa mtoto asilie. Nilipogusa siku zilizotangulia, yaani nani alikuja na orodha na jirani gani alimwonyesha nyumba, alisema, "Hayo ruka, mwanangu." Kisha akaleta mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na kitambulisho chake cha ukimbizi, kimechakaa kwenye mikunjo, kimelazwa juu ya cheti cha uraia. Wanawe walimshauri akichome kile cha zamani. Alikataa, alisema bila hicho, hiki kipya hakielezi kitu.

Wakusanyaji wa kumbukumbu wana tabia ya kukimbilia damu (nami nimesoma ripoti zao nyingi), lakini anayesimulia ndiye ajuaye nini kitamrudia. Ndugu wa Katumba bado wanavuka kwenda kusalimia na kuzika, na watoto wa jirani yule wa zamani wako kule kule. Ndiyo maana tulikubaliana na mwalimu: nakala ya kila rekodi ibaki Katumba, na sehemu zenye majina ya waliowachongea wenzao zisisikilizwe bila ruhusa ya msimulizi au ya atakayemteua.

Wapo waliofunguka kwa sababu ya redio. Mwaka 2020 tume ya ukweli ya Burundi ilifukua makaburi ya halaiki huko Karusi, karibu na mto Ruvubu, ikatoa mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Mwalimu aliniambia kwamba baada ya habari hizo, wazee waliokuwa hawagusi jambo hilo walianza kuulizana nani alipelekwa wapi.

Bibi mmoja hakutaka kusimulia kabisa. Nilipomwamkia, aliitikia marahaba, akaagiza niletewe kigoda, akasema, "Andika." Akataja majina, kila jina na kilima chake cha kule Burundi: kaka zake wawili, mwalimu wake, karani wa parokia. Mjukuu wake alikuwa akitengeneza baiskeli uani. Akaacha spana, akaja kuninyang'anya kalamu kwa sababu nilikuwa nakosea herufi za Kirundi. Wakabishana sana juu ya jina moja. Orodha ilikatikia kwenye ukoo wa mumewe. Hao, alisema, anawajua wifi yake aliyeko Mishamo, na mjukuu akaanza kunitafutia namba yake ya simu.