Thuram na mabao yake mawili

Lilian Thuram aliichezea Ufaransa mechi 142 na kufunga mabao mawili tu, yote usiku mmoja: nusu fainali ya Kombe la Dunia 1998 dhidi ya Kroatia.

Tena Kroatia walitangulia kwa sababu yake. Wenzake walipanda, yeye akabaki nyuma kwenye beki ya kulia, Šuker, mshambuliaji wa Kroatia, akawa hajaotea, akafunga, 1-0. Haikupita hata dakika mbili, Thuram akampokonya Boban wa Kroatia mpira karibu na boksi, akapasiana na mwenzake Djorkaeff, akasawazisha. Dakika ya 70 akapiga la pili kwa mguu wa kushoto, ambao si mguu wake wa nguvu!

Kwenye klabu za Italia, Parma na Juventus, alicheza sana beki wa kati pia. Mwaka 2008 tatizo la moyo likamstaafisha.