Watu wa kambi ya Kongwa bado tunatafutana

Ukimwambia mtu unatokea Kongwa atakutajia ranchi, au soko la mahindi la Kibaigwa kama ni mtu wa kupita pita njia ya Moro na Dodoma. Wazee kidogo watakutajia karanga za Mwingereza. Kambi ni wachache sana wanaitaja, hata watoto wa pale pale wengine hawajui kwamba Samora Machel kabla hajawa Rais wa Msumbiji alikua mkuu wa kambi ya FRELIMO pale, kwamba Chris Hani kaishi pale, na kwamba vijana wa SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, waliopigana ile vita ya kwanza ya nchi yao kule Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti 1966, siku ambayo Namibia wanaiadhimisha kila mwaka kama siku ya mashujaa wao, walikua wametokea kwetu.

Kwa kifupi tu kwa wasiojua. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wao mkubwa wa karanga, wakaleta matrekta, wakajenga na reli ya kuchepuka kutoka Msagali, mvua za Ugogo zikawakatalia, ardhi ikawa ngumu kama saruji, 1951 wakaufunga. Yakabaki majengo na stesheni isiyo na treni. Baada ya uhuru serikali ya Mwalimu ikawapa eneo hilo wapigania uhuru chini ya ile Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, basi kuanzia 1964 hivi wakajaa FRELIMO, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO, ZAPU wa Zimbabwe, halafu MPLA wa Angola nao wakaja. Kila chama na kambi yake lakini wote jirani, na jirani yao mwingine ni sisi.

Sasa watu wengi wakiandika hii habari wanaandika vita. Mimi naandika habari ya mama yangu mkubwa.

Mama mkubwa alikua binti wa kuuza maandazi na karanga za kukaanga karibu na stesheni ya zamani. Anasema wale vijana jioni wakipata ruhusa walikua wanakuja mjini, wengine pombe, wengine dansi, jumapili mpira kambi kwa kambi na mji mzima unaenda kuangalia. Mmoja wa SWAPO wakawa pamoja, mwaka 1967 akazaliwa kaka yetu. Kabla hajaanza kutembea vizuri baba yake akaondoka. Hakuaga, maana kuaga ilikua hairuhusiwi, walikua wanaondolewa usiku kwa malori kuelekea Zambia na asubuhi mnasikia tu kambini kumepungua watu. Mama mkubwa alisubiri, baadae akaolewa, maisha yakaendelea. Na hayuko peke yake bana, Kongwa ukikaa na kina bibi wa umri wake utasikia hadithi kama hii nyumba hadi nyumba, ila hawakusimulii mpaka wakuzoee.

Shida ya kutafutana na watu wa kambi ni majina. Hakuna aliyekua anatumia jina lake! Makaburu walikua wanawinda familia za waliotoroka, kwa hiyo ukifika kambini unapewa jina la kazi, na juu yake wenzako wanakubandika la utani. Baba yake kaka alijulikana kwa jina la utani la mpira basi, hilo ndo mama mkubwa alilokua nalo na hilo ndo kaka alilokua nalo miaka yote. Namibia ilipopata uhuru Machi 1990 kaka alikua kijana wa kutosha, akaandika barua kwa ofisi moja akieleza kila kitu vizuri. Jibu likaja baada ya muda mrefu kwamba tafadhali lete jina kamili la mzazi na kijiji alichozaliwa ili tuweze kukusaidia. Yaani kitu anachokitafuta ndo wanamwambia akilete! Aliikunja ile barua akaiweka, hatukuizungumzia tena miaka mingi sana.

Sam Nujoma, kiongozi wa SWAPO na Rais wa kwanza wa Namibia, alipofariki Februari 2025 ndo mambo yakaamka. Watu walikua wanatumiana picha za zamani, mimi nikaandika kwenye grupu moja la WhatsApp lenye Watanzania walioko Windhoek, nikasema natafuta mzee yeyote aliyewahi kukaa Kongwa, sikutaja jina la mtu. Nikaunganishwa na mzee mmoja wa kaskazini mwa Namibia, ana miaka themanini na kitu, nikamtumia ujumbe wa kiingereza changu cha kuunga unga. Akanijibu kwa sauti, kwa Kiswahili! Kiswahili cha miaka ya sitini kabisa, kakianza na "mbukwenyi", salamu yetu ya Kigogo, mimi nikakaa chini. Swali lake la kwanza akauliza kama ile miti mikubwa ya pale stesheni bado ipo, la pili kina mama waliokua wanauza vitu pale wangapi wako hai.

Nilipomtajia lile jina la utani akacheka, akasema mjukuu wangu hao walikua wawili. Mmoja alikua anapiga mpira mguu wa kushoto, huyo alivuka Zambia kwenda mbele na hakurudi. Mwingine alirudi nyumbani 1989 na wale wakimbizi zaidi ya 40,000 waliorudishwa na Umoja wa Mataifa kabla ya uchaguzi. Huyo wa kwako ni yupi? Nikakimbia kwa mama mkubwa, mama, alikua anapiga mguu gani? Akaniangalia weee. "Kwani mimi nilikua naenda kuangalia miguu?"

Basi tukakaa tukaanza kuchimba, sio majina, vitu. Alikua anakula nini. Ugali wa uwele, na hakulalamika kama wale wa Afrika Kusini waliokua wanataka mahindi (mzee wa Namibia aliposikia hii akasema hiyo haisaidii, kwao wote wanakula uwele, wanauita mahangu, kwa hiyo Ugogo walijisikia wapo kwao). Alikua anaimba? Wote wanaimba. Kabla ya vita alifanya kazi gani? Hapo mama mkubwa akanyamaza, akasema alikua anasimulia samaki, kiwanda cha samaki kwenye bahari ya baridi, na mikono yake ilikua na makovu ya kukatwa katwa. Nikamtumia mzee. Dakika chache tu akajibu, Walvis Bay, huyo ni yule aliyerudi.

Aliyerudi na akafa miaka ya 2000, kwa hiyo kaka hakumkuta. Ila aliacha watoto wanne na dada yake bado yupo hai. Wapo walioshtuka, mmoja aliuliza moja kwa moja kama huyu ndugu mpya anafuata hela za maveterani, na mimi simlaumu, kule hizo hela zipo na matapeli wapo. Kaka ni mwalimu anakaribia kustaafu, alichoomba ni picha. Wametuma tatu. Paji la uso lile lile, hakuna cha kubishana.

Kinachonikera ni kwamba ujumbe wa wageni huwa unakuja Kongwa, wanaweka mashada kwenye makaburi ya wapigania uhuru, wanapiga picha na viongozi, wanaondoka kabla jua halijazama. Makaburi yana heshima yake sawa. Ila anayejua nani alikua na makovu mikononi yupo nyumbani kwake anapepeta karanga na hakuna aliyemuuliza, na hawa kina mama wanatutoka. Kama babu yako alipita Kongwa, awe wa ANC, ZAPU, yeyote, usije na jina la kwenye kitambulisho, njoo na alichokua anakipenda, kazi aliyofanya kabla, wimbo, ugomvi wake, deni aliloacha dukani!

Kaka anajipanga kwenda mwezi wa nane kwa basi, Tunduma, Lusaka, Livingstone, anavukia Katima Mulilo. Wale ndugu wameanza kujifunza kusema shikamoo, wanaisema hata kwa mimi mdogo wao. Mama mkubwa kamfungia uwele na karanga za kumpelekea shangazi. Mjane wa kule naye aliomba waongee kwa video, mama mkubwa kakataa, kasema kwanza aletewe picha yake aione.