Uvimbe wa ngege wangu, na jinsi nilivyojua haukuwa saratani

Kidimbwi changu cha kufugia ngege, yaani tilapia, kiko nje kidogo ya Ahero, katika Kaunti ya Kisumu, na ni miongoni mwa vile vya mita 300 za mraba vilivyochimbwa chini ya mpango wa serikali wa kufufua uchumi ulioanza mwaka wa 2009. Msimu mmoja, wakati wa kuvua, niliona ngege kadhaa wenye vivimbe vya manjano chini ya ngozi, hasa kwenye mashina ya mapezi na nyuma ya matamvua. Kabla ya jioni habari ilikuwa imefika sokoni kwamba samaki wangu wana saratani. Mama mmoja anayekaanga samaki kando ya barabara, mteja wangu wa siku nyingi, alinipigia simu na kuniuliza kwa upole kama asubiri kwanza. Nilimwambia asubiri.

Sikuweza kuupuuza uvumi huo, kwa sababu samaki wa kufugwa hupata saratani kweli. Mnamo 1960, trauti waliofugwa Marekani walishikwa kwa wingi na saratani ya ini, na chanzo kikabainika kuwa sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, iliyokuwa katika mashudu ya pamba waliyolishwa. Lakini miaka 50 kabla ya hapo, uvimbe wa koo wa trauti katika nchi hiyo hiyo uliitwa saratani, mpaka watafiti David Marine na Carl Lenhart walipoonyesha kwamba ulikuwa rovu tu, yaani kuvimba kwa tezi ya koo, na kwamba iodini iliupunguza. Kwa hiyo nilitaka uvimbe upasuliwe kwanza, jina lije baadaye.

Nilichukua samaki wachache wakiwa hai ndani ya maji na wengine nikawalaza kwenye barafu bila kuwagandisha, maana kugandisha huharibu seli zinazotakiwa kuchunguzwa. Afisa wa uvuvi alipasua kivimbe kimoja kwa wembe, akatoka mnyoo wa manjano wa nusu sentimita hivi, akijinyonganyonga. Uvimbe wa saratani hauna mkazi wa namna hiyo. Ni nyama ya samaki mwenyewe iliyokua bila mpaka, na huthibitishwa kwa darubini. Ndiyo maana ini moja lililokuwa na madoa lilitiwa katika formalini ya asilimia 10, dawa ya kulihifadhi lisioze, na kupelekwa maabara. Halikuonekana na saratani.

Mnyoo huyo, Clinostomum, hukomaa katika koo la korongo na ndege wa jamii yake. Mayai huangukia majini, viluwiluwi vyake huingia kwa konokono, kisha hutoka na kupenya ndani ya samaki, na humo husubiri mpaka samaki amezwe na ndege. Sisi tuliopakana na mashamba ya mpunga tuna korongo na konokono wa kutosha. Jirani mmoja alishauri niwategee ndege sumu; sikukubali, kwani sumu hiyo ingeishia majini.

Dawa ya kumtoa mnyoo ndani ya nyama sikuipata, hivyo nilishughulikia njia zake. Nilikausha kidimbwi hadi tope likapasuka, nikatia chokaa, nikafyeka magugu ya kingo ambamo konokono hujishikiza, na nikatandaza wavu juu. Wavu ulinigharimu kuliko vyote, na ningeununua tena. Mashudu na omena iliyosagwa sasa hukaa juu ya mbao, mbali na ukuta, na chakula chenye ukungu hutupwa: ngege huvumilia sumukuvu kuliko trauti, lakini ini lake huumia na ukuaji hudorora.

Samaki waliokuwa na vivimbe niliwazika. Mnyoo huyo hufa akipikwa vizuri, na visa vichache vya kumsumbua binadamu kooni vimetokana na kula samaki wabichi. Hata hivyo, hakuna mteja anayepaswa kukuta mnyoo kwenye sahani. Yule mama alirudi baada ya kidimbwi kujazwa upya, na kwa vuno la kwanza aliniomba nipasue ngege watatu mbele yake, wa kuchagua yeye. Nilimkabidhi kisu.