Mstari kwenye maji matupu

Wodi ya watoto ndiyo iliyonipa kazi kwanza. Nilikuwa nasomea uzamili wa mikrobiolojia, nikitafuta jeni za usugu dhidi ya antibiotiki katika bakteria wa utumbo wa wagonjwa waliolazwa, na kazi hiyo huanza kwa kuomba choo. Mama mmoja alinirudishia kopo: "Dokta, mwanangu anakohoa, choo cha nini tena?" Nikakaa kitandani pake. Nikamweleza kwamba bakteria kama Klebsiella na E. coli hukaa tumboni bila kumdhuru mtoto, ila wakipenya kwenye damu ni hatari, na wakiwa sugu sindano za seftriaksoni haziwawezi. Akakubali, kisha akaniitia wenzake.

Kuotesha kulienda vizuri. Agari ya MacConkey, chakula cha kuoteshea bakteria, yenye sefotaksimu kidogo, dawa ya ukoo mmoja na seftriaksoni, nyuzi 37 usiku kucha. Asubuhi walioota ni wale wasioijali dawa. Klebsiella humkosei: waridi, mzito, ukimgusa na kitanzi anavutika kama mlenda.

PCR, mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, ndiyo iliyonikesha. Nilikuwa nasaka CTX-M-15, jeni ya kimeng'enya kinachovunja seftriaksoni. Matokeo husomwa kwenye jeli: jeni ikiwapo, mstari humeta chini ya kisima cha sampuli. Jeli yangu ya kwanza ilimeta mistari kila kisima. Nilishangilia, mpaka nikafika kisima cha mwisho, cha maji matupu. Nacho kina mstari, ilhali hakina DNA ya kunakili.

Nikabadilisha maji. Mstari upo. Nikayeyusha praima mpya, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili. Upo. Siku ya nne ndipo nilipoitazama pipeti, kifaa cha kuvutia vimiminika, mkononi: ile ile niliyopakilia jeli jana ndiyo niliyochanganyia leo. Tone moja la PCR iliyokwisha lina nakala za jeni kwa mabilioni. Chembe tu ikibaki kwenye pipeti inatosha. Nikaazima pipeti nyingine, nikahamishia uchanganyaji chumba cha pili, meza nikaifuta kwa klorini, vitendanishi vyote nikafungua vipya. Kisima cha maji kikawa cheusi, bila mstari.

Sampuli zote nikazirudia, wiki nzima. Baadhi zilipoteza mstari. Za yule mtoto wa kikohozi zilibaki nao, E. coli na Klebsiella pia. Jeni hii aghalabu hubebwa na plasmidi, kipete cha DNA ambacho bakteria hupeana wakigusana, hata wasio wa jamii moja. Mtoto alikuwa amesharuhusiwa. Nikamwomba sista aandike juu ya faili lake, ili akirudi na homa kali daktari asianze na seftriaksoni kwa mazoea.