Hii tu?

Maneno mawili, na wiki nzima yamenikaa kichwani. Jana naosha vyombo nikajikuta nayajibu kwa sauti, hadi mama akauliza kutoka chumbani naongea na nani.

Ilikuwa Jumatatu baada ya alasiri, barazani kwa Mama Mdogo. Mnamkumbuka, ndiye mweka hazina wa kile kikundi cha akina mama wa mwani kule Mlingotini. Sabuni yao sasa ipo, imekauka vizuri, inanukia mchaichai. Kilichobaki ni alama ya kuchapa kwenye karatasi ya kufungia, na kazi hiyo nimepewa mimi. Nikampelekea mchoro mmoja: kamba kati ya vigingi viwili, chini yake vishada vitatu vya mwani. Kijani kilichokoza kwa picha, wekundu wa udongo kwa jina. Basi.

Mama Mdogo akaipokea, akavaa miwani, akaitazama. Kisha akaigeuza, akaangalia nyuma ya karatasi.

"Hii tu?"

"Hii tu, Mama Mdogo."

"Ile ya harusi ya Rehema si ilikuwa na maua, na njiwa, na dhahabu dhahabu?"

"Ile ilikuwa kadi ya harusi, Mama Mdogo."

"Haya."

Akaikunja mara mbili, akaifutika kwenye kanga, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Ile "haya" naiweza. Kinachoniuma ni kule kuigeuza karatasi, kwamba alitegemea kazi yenyewe iko upande wa pili.

Mnaonisoma tangu mwanzo mnajua nilivyokuwa nafanya kazi. Kompyuta inawashwa kwanza, mawazo yanafuata. Programu ina brashi mamia, na kila brashi inakuita uijaribu. Tabaka juu ya tabaka, fonti hizi na zile, usiku unakwisha nina matoleo chungu nzima ya kitu ambacho sijajua kinasema nini. Tangu Mfungo Mosi nimebadili utaratibu. Naanza na penseli moja ya 2B na daftari la shule. Nachora visanduku, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, na kila kisanduku kinabeba wazo moja. Humo ndani hapana nafasi ya pambo, na raha yake ndiyo hiyo. Chini ya kisanduku naandika kwa maneno machache picha inamwambia nini mtu anayepita dukani na haraka zake. Nikikosa la kuandika, nakipiga mstari. Vikibaki viwili vitatu naliegemeza daftari ukutani, narudi nyuma hadi mlangoni, nafinya macho. Ukifinya macho vidogo vidogo vyote vinapotea, linabaki giza na mwanga, na hapo unaona picha inasimama au haisimami. Kompyuta inaingia mwisho kabisa, kusafisha mistari na kutayarisha faili la fundi wa kuchapa.

Ile kamba haikuja mezani. Niliipata ufukweni siku za bamvua, maji yamekupwa mbali, akina mama wapo kazini. Nilichora mikono yao. Nilichora ndoo, ngalawa, kofia za ukili, mwanamke aliyeinama na mtoto mgongoni. Michoro mizuri, wallahi, lakini yoyote ingeweza kukaa kwenye sabuni ya mahali popote pwani hii. Nikawa nafuta. Kilichokataa kufutika ni kamba na vigingi, maana hiyo ndiyo kazi yao ilivyo: unafunga vipande vya mwani kwenye kamba, unaiwamba majini, unasubiri kama wiki sita, unavuna. Mchoro wa mistari michache, lakini kufika hapo kulinichosha kuliko njiwa wote wa Rehema.

Sasa fikirini ningemwambia nini Mama Mdogo. Nimeshatunga majibu mengi. Kuna jibu la Edward Said Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli na vipande vya mraba vya hadibodi. Hakuwa na kingine. Alifariki 1972, miaka minne tu ya kazi, na leo ukimwonyesha mtoto yeyote chui wa namna ile anajua inaitwaje. Kuna jibu la kanga aliyojifunga mwenyewe pale barazani: pindo, mji, jina, rangi chache, na mtu unaitambua kanga ya shoga yako ukiwa ng'ambo ya barabara. Kuna na jibu la fedha, ambalo pengine ndilo lingemwingia mweka hazina: kwenye uchapaji wa skrini kila rangi inataka fremu yake, na kila fremu inalipiwa, na rangi zikiwa nyingi ndivyo zinavyozidi kupishana kwenye karatasi.

Lakini mama yako mdogo huwezi kumjibu hivyo barazani kwake. Nikanywa chai, nikaaga.

Wiki yenyewe imekuwa na mengi: Rehema kajifungua salama Jumatano, mtoto wa kike, kaka kapata uhamisho wa Mbeya, tumemzika jirani yetu wa mtaa wa nyuma, yule muuza kashata, Mungu amrehemu. Na katikati ya yote hayo, mimi na karatasi iliyogeuzwa.

Alhamisi nikapanda bodaboda kwenda Mlingotini kuchukua vipimo vya sabuni. Pembeni ya chanja za kuanikia mwani walikuwa wamepanga ndoo zao. Nilizipita, nikarudi. Ubavuni mwa ndoo kadhaa mtu kachora kwa mkaa kamba, vigingi viwili, vishada vitatu.

Nikauliza ni za nani. Bi Tatu akasema ni zake. Mama Mdogo aliwaonyesha karatasi kikaoni, na kwa kuwa ndoo zake haziishi kuchukuliwa, ameona azitie alama. Nikamuuliza alichora akitazama karatasi? Akanishangaa. Karatasi si kaondoka nayo mweka hazina? Yeye kachora kwa kichwa.

Nilichuchumaa pale kwenye mchanga nikaiangalia ile ndoo kama barua niliyoandikiwa mimi. Mtu kaona mchoro mara moja, mkutanoni, watu wanazungumza, na kauchukua wote akaondoka nao. Sijui malipo gani yanazidi hayo. Nilitaka kumkumbatia Bi Tatu, ila mikono yake ilikuwa imejaa mwani.

Kisha nikaona yake si sawa na yangu. Kamba yake imelegea sana, karibu iguse kigingi chini, na kishada cha katikati ni kinene kuliko vya pembeni.

"Hapa katikati mbona umekuza, Bi Tatu?"

"Kamba ikibeba inalemea katikati. Yako umeikaza, mwanangu. Iliyokaza haijazaa."

Nikatoa daftari palepale nikachora kisanduku kipya. Nikafinya macho. Ya Bi Tatu ina uzito, unaona kabisa kuna kitu kimebebwa, na vigingi vinaonekana vinafanya kazi. Ndiyo nitakayopeleka kwa fundi, na nitamwambia Mama Mdogo mstari huo ni wa nani. Yeye mpaka leo hajasema kitu zaidi ya ile "haya", na nimegundua tangu Alhamisi nayasikia maneno yake kwa sauti ndogo zaidi, ingawa bado nayasikia.

Jingine, wale wa mtaani mnaosoma hapa mnisaidie. Ule mnazi wa uani kwa mzee jirani, baada ya upepo wa juzi umezidi kuinama upande wa jiko letu, na udongo wa shinani umepasuka. Mzee anasema umeinama hivyo tangu yeye kijana na hautakatwa. Mama anapika chini yake asubuhi na jioni, na hataki kuhamisha mafiga. Kama kuna mtu mzee atamsikiliza, naomba aende kabla mvua hazijaanza.