Ndizi ya kulia tambi

Tangu Jumamosi usiku nina maneno matatu yamenikwama kooni kama mwiba wa changu, na leo ni Ijumaa. Nimemeza tonge kavu, nimekunywa maji, wapi. Nayaandika hapa, huenda yakashuka.

Mavyaa wangu mnamjua. Ndiye wa kisa cha redio na betri, ndiye aliyemtoa fundi wa mabomba mbio kwa mwiko. Wifi wa London pia mnamjua. Alikuja kwa wiki tatu, na Jumamosi, kwa kuwa Jumapili anaondoka, akaamrisha: leo jiko linalala, tunatoka sote, nalipa mimi. Akatuchagulia hoteli kubwa ya ufuoni, Nyali, ambayo kwa miaka 19 ya ndoa yangu nimeipita ndani ya matatu nikiona minazi yake tu juu ya ukuta. Jina nalibana. Mhudumu mwenyewe ni kijana wa watu anatafuta riziki.

Tulivaa kama tunakwenda kuposa. Mavyaa alitoa buibui lililokuwa bado na alama za kukunjwa dukani, akalifukiza udi mpaka mkoba ukanukia. Baba Watoto alivaa viatu vya Idi. Langoni askari akapitisha kioo chini ya gari, tukaingia kwenye mashine, mashine ikalia kwa mkoba wa mavyaa (ni ule wembe wake wa kukatia uzi, tumeshamwambia), kisha ukumbi: marumaru mpaka unaogopa kukanyaga, taa za vioo, na kaunta ndefu yenye bakuli la matunda. Ndizi mbivu zilikuwa juu. Likumbukeni hilo bakuli.

Halafu, baada ya fahari yote ile, unashuka ngazi kuelekea baharini unakuta mkahawa wa Kitaliano uliojengwa ujifanye kibanda. Meza za mbao zimekwaruzwa makusudi. Viti vya kusukwa, vitambaa vya miraba myekundu na myeupe, maji yanaletwa kwenye chupa za jamu. "Glasi zimewaishia?" mavyaa aliuliza. Watalii wamekaa na kaptura na makubadhi, mchanga miguuni, mmoja amepandisha mguu juu ya kiti. Sisi tumenyooka pembeni kama tunapigwa picha ya pasipoti. Wifi akasema ndivyo watu wanavyopenda siku hizi, mahali pa kujiachia. Sahani ya tambi za nyanya shilingi 1,650. Kujiachia kuna bei yake.

Menyu ilikuwa Kitaliano juu kwa herufi kubwa, Kiingereza chini kwa herufi za sisimizi. Mavyaa aliazima miwani ya wifi akaanza kusoma, tena kwa sauti. "Pomodoro, nyanya hiyo. Aglio, kitunguu saumu. Funghi, uyoga, huo mimi siutaki. Prosciutto, nguruwe, geuzeni karatasi." Watoto wakabaki midomo wazi. Bibi yao, ambaye barua za benki tunamsomea sisi, anatusomea menyu ya hoteli kubwa kwa wepesi wa mtu anayesoma Yasini. Mkate ulipotangulia na kibakuli cha chizi iliyokunwa, akakivuta kwake: "Farmaajo." Kijana wangu mkubwa akacheka: "Bibi, huyo si aliyekuwa rais wa Somalia?" "Na maana yake ndiyo hii," akasema, akijinyunyizia mkateni.

Nataka mjue kwamba saa ile pale mezani alikuwa yeye ndiye mkalimani wetu. Dakika kumi baadaye nikafanya nilichofanya.

Mhudumu alikuja, kijana mrefu, na "buonasera" yake ya Malindi. Mavyaa akamwitikia kwa Kitaliano, sentensi nzima. Kijana akatabasamu bila kuelewa. Tukaagiza mmoja mmoja. Mavyaa akataka spageti za nyanya, kisha:

"Na ndizi, mwanangu. Moja tu."

"Ndizi ya kukaanga ama?"

"Mbivu. Ya kulia tambi."

Kijana hakumjibu yeye. Aligeuka akaniangalia mimi, kalamu juu, kicheko amekibana puani: "Ati shosho anataka ndizi na spageti?"

Nami nikasema: "Samahani, ni mzee."

Nikatabasamu. Si tabasamu la aibu, ni lile la watu wawili wenye akili timamu wanaoelewana juu ya kichwa cha mtoto.

"Hakuna shida, madam," akasema, "tunaelewa."

Ndizi haikuja. Mavyaa alikuwa anakata mkate vipande vidogo vidogo. Sijui kama alisikia. Masikio yake, kama mnavyojua, hufanya kazi kwa zamu. Tambi zilipofika alikula polepole, akaacha nusu, akasema ameshiba. Baada ya wifi kulipa bili na kuacha bakshishi yake, nami nikamwachia kijana shilingi 500 zangu, sijui za nini. Tukapanda ngazi, tukapita kaunta. Mavyaa akasimama kidogo hapo kurekebisha kiatu, mkono wake ameuegemeza pale pale karibu na bakuli.

Wifi ameondoka salama, barua ya kupandishwa daraja niliyoingoja tangu mwaka juzi ilifika Jumatatu, binti wa dadangu ameposwa na watu wa Lamu. Yote nimeyapokea kwa shukrani, na usiku narudi kwenye ile meza.

Kwa sababu mimi kazi yangu ni nini? Nasimama mahakamani nasema alichosema mtu. Shahidi akisema upuuzi, nasema upuuzi ule ule. Akitukana, natukana, hakimu akinitazama. Mwaka jana nilitamka tusi la nguoni mbele ya wazee watatu wa mtaa na mwanafunzi wa sheria, kwa sauti ya wazi, kwa sababu ndilo alilotamka mshtakiwa. Niliapa nisiongeze wala nisipunguze. Hakuna hata siku moja mtu amesema "nataka ndizi" nami nikafasiri "samahani, ni mzee."

Yalikuwepo majibu mengine. "Ndiyo, ndizi." Maneno mawili, hata pumzi hayamalizi. Au: "Muulize mwenyewe." Au ningeinuka nikaenda juu kaunta nikachukua moja. Hatua arobaini hivi, nimezihesabu kichwani, pamoja na ngazi.

Saa nane za usiku huwa hodari sana. Namkalisha yule kijana kwenye kiti cha kusukwa namhutubia. Mwanangu, namwambia, huyu mama amezaliwa Barawa. Alipoanza shule, Wataliano ndio waliokuwa wakiisimamia Somalia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, 1950 mpaka 1960, na kuhesabu alifundishwa uno, due, tre. Nyumbani Chimwiini, yaani Kiswahili cha Barawa, chuoni Kiarabu, shuleni Kitaliano, na hapo hajafika miaka kumi. Tambi ziliingia nchini kwao na Wataliano hao hao, Wataliano wakaondoka, tambi zikabaki. Wasomali wanaziita baasto, mchuzi wake suugo, na pembeni ya sahani ndizi. Unang'ata ndizi, unafuatisha tambi. Na ndizi zenyewe unajua zilikuwa za nani? Mashamba yalikuwa ya Wataliano, kando ya mito ya Shabelle na Juba, meli zikizibeba mpaka Italia, ambako tangu 1935 serikali ilikuwa na shirika lake la ukiritimba wa ndizi. Tambi zilikuja kwa meli, ndizi zikapanda meli kurudi. Zilikutana kwenye sahani ya huyu mama kabla babako hajazaliwa, wewe unaniuliza mimi "ati"?

Kwenye hotuba zangu kijana huinamisha kichwa. Mara moja alilia.

Kisha napoa, nakumbuka kwamba hotuba si yake. Yeye aliuliza tu. Mimi mwenyewe wiki ya kwanza ya ndoa niliona ndizi kwenye tambi nikamwandikia dadangu ujumbe wa kucheka, na simu ile ilikuwa ya kulipia kila ujumbe. Kwetu sisi tambi ni za Ramadhani, za sukari, nazi na iliki, na ukimwekea Mtaliano sahani hiyo mbele yake nadhani ataita polisi. Kila mtu na tambi zake. Sikuudhiwa na swali. Naudhika kwamba jibu lilikuwa tayari mdomoni, limeshaiva, kana kwamba nimelibeba miaka yote hiyo nikingoja wa kumpa.

Jana nikashindwa. Nilirudi kazini nikamkuta mavyaa jikoni, ameikalia mbuzi ya nazi kama kiti, anakoroga sufuria. Tambi. Watoto wote watatu wamesimama mlangoni kila mmoja na ndizi yake ya kisukari, wanangoja. Nikawatoa nje.

"Mama, nina neno."

"Sema, mwanangu."

"Jumamosi, ulipoomba ndizi, yule kijana akaniuliza. Nikamwambia samahani, ni mzee."

Akaonja mchuzi, akaongeza chumvi. "Kwani mimi ni kijana?"

Basi. Ndivyo alivyosema, na mwiko haukusimama. Kilichomuudhi Jumamosi, kumbe, ni suugo. Maji matupu, hakuna bizari, hakuna hata kijiti cha mdalasini, nyanya zimetiwa usoni tu kama poda. Pesa zote zile! Wataliano wa kwao, akasema, walikuwa wakipika. Halafu akaanza kucheka peke yake, kile kicheko chake cha mabega, mpaka akashika ukuta.

Alikuwa amemkumbuka babake. Babake alikuwa fundi wa viatu vya ngozi, kazi ambayo Barawa ilisifika kwayo, hiyo na ufumaji wa nguo. Siku moja akapeleka makubadhi kwa afisa wa Kitaliano, akamkuta mezani. Akasimama mlangoni akimtazama afisa anavyochomeka uma kwenye sahani na kuuzungusha, kuuzungusha, ainue, aangalie, aurudishe, azungushe tena. Akarudi nyumbani amejaa huruma. "Maskini mzungu yule," akawaambia, "hana mke wala mama. Anakula huku anasokota uzi."

Nilicheka nikakaa sakafuni. Watoto wakaingia kuangalia nani anakufa. Tukala pale pale jikoni, sufuria katikati, na niwaambie jambo: nyanya ina ukali wake unaobaki nyuma ya ulimi, na ndizi ya kisukari ikifika pale inaukalisha chini. Nimekula hivyo miaka 19 kwa adabu ya ukwe. Jana nilikula kwa njaa. Nikalala kuanzia saa tatu mpaka adhana. Sikumhutubia mtu.

Nilidhani habari imekwisha, na shajara hii ingekuwa fupi.

Leo asubuhi nimempeleka kupimwa presha. Muuguzi, msichana mpole, alimwinamia kwa heshima zote: "Bibi, ile dawa yako ya presha unameza saa ngapi?" Mavyaa anazijua dawa zake kwa rangi, kwa saa na kwa bei, duka la dawa likikosea vidonge viwili anajua kabla hajafungua pakiti. Akaninyooshea kidole gumba.

"Muulize huyu," akasema. "Mimi ni mzee."

Muuguzi akacheka. Nami nikacheka, nikataja saa. Mavyaa alikuwa ameinama anafunga kishikizo cha mkono wake, sikumwona uso. Kwenye tuktuk alitazama nje njia nzima, na tulipokaribia nyumbani akaniuliza kama nimebeba funguo. Nimebeba, Mama. Akasema vizuri.

Huo ulikuwa utani. Ni mtani, mnamjua. Nimeurudia utani huo tangu saa nne asubuhi, na bado sijapata pa kuuweka.

Na maji leo ni siku ya tisa hayajatoka. Nimegonga tangi la juu kwa mpini wa ufagio, sauti imekuja kutoka chini kabisa. Mwenye mkokoteni anauza mtungi wa lita 20 kwa shilingi 50 na jana hakupita, juzi alipita akiwa ameshauza yote mtaa wa nyuma. Kesho watu wa Lamu wanafika kwa dadangu, ambako hali ni mbaya kuliko huku, na sasa hivi ameniletea ujumbe kuuliza kama wageni wanne wanaweza kuja kuoga kwangu.